Katekista na Nyumba Isiyoisha Kulipwa

Katekista hakupenda neno riba. Likitajwa mbele yake alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepulizwa vumbi, kisha akasubiri aliyelitaja ajirekebishe. Alikuwa amestaafu kufundisha dini huko upande wa Iringa, akashuka Chimala na kununua viwanja wakati viwanja vyenyewe bado ni vichaka. Watu walipoanza kuongezeka kwa ajili ya mpunga, akaviuza kimoja kimoja kwa malipo ya awamu. Wanunuzi hawakuwa na fedha za kulipa kwa mkupuo, na yeye hakuwa na haraka. Lakini mtu anayelipwa polepole, msimu hadi msimu, hutaka kitu juu ya bei, na katekista alikitaka sana. Alikataa tu kukiita kwa jina lake. Alikiita shukrani.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa shahidi katika mikataba yake karibu yote. Hakunichagua kwa busara zangu. Cherehani yangu ilikuwa barazani, mkabala na mlango wake, na katika mtaa ule mimi ndiye mtu mzima ambaye saa yoyote ya mchana ungemkuta ameketi. Alivuka njia na karatasi yake, mnunuzi nyuma yake, akasema, "Fundi, ondoa mguu kwenye pedeli, uje utie sahihi." Nikatia. Mara nyingine nilitia sahihi huku pini ziko mdomoni, na katekista alipenda hivyo, kwa sababu shahidi mwenye pini mdomoni haulizi maswali.

Alivaa sweta ya sufu mwaka mzima. Chimala ina joto la kukausha mpunga, watu wanalala milango wazi, na yeye anapita na sweta imefungwa vifungo hadi shingoni. Ukimuuliza alisema baridi ya Iringa iliingia mwilini zamani na haijatoka, kwa hiyo yeye anajikinga na ile ya ndani.

Nadharia yake ya shukrani ilianzia mbali na viwanja. Jirani akiazima chumvi kwake na kuirudisha kesho yake, kikombe kwa kikombe, katekista alikiangalia kile kikombe kwa huzuni. "Umenirudishia chumvi," alisema. "Na furaha uliyoipata ulipokula mboga yenye chumvi, hiyo umebaki nayo?" Jirani alirudi nyumbani akaleta yai. Mwenyewe aliona anafuata sheria ile ile. Aliwahi kuazima pasi yangu ya mkaa, akakaa nayo mpaka nikakosa kupiga pasi sare za shule za wateja wangu, kisha akairudisha ikiwa bado ina mkaa unaowaka. Nilipoanza kulalamika alinyanyua mkono. "Nimekurudishia na moto wake, fundi. Ulinipa baridi." Nilipiga pasi.

Siku moja mpwa wake alimpeleka Mbeya kwa mwanasheria, ili mikataba iandikwe kitaalamu. Nilikwenda nao kwa kuwa nilikuwa nafuata nyuzi mjini. Mwanasheria alikuwa kijana mpole, akamweleza kwamba bei ikilipwa kwa awamu, muuzaji anaweza kuweka asilimia fulani juu ya kinachobaki, ili mradi iandikwe na pande zote zielewe.

"Hiyo ndiyo riba," alisema katekista, akafumba macho.

"Ndiyo, mzee. Na hii shukrani uliyoandika wewe, ni nini?"

"Riba inadaiwa. Shukrani inangojewa."

"Na isipokuja?"

"Naikumbusha."

"Ukishaikumbusha isije?"

Katekista alifikiri. "Nakwenda kukaa nyumbani kwa mnunuzi mpaka ije."

Mwanasheria alikunja karatasi zake, akakataa hata malipo ya ushauri. Njiani kurudi katekista alimsifu sana. Alisema kijana yule analo jambo la kushukuru na amelitambua.

Aliyewahi kumpa shida kubwa, kabla ya hii nitakayoisimulia, alikuwa dereva wa bodaboda aliyenunua kiwanja kidogo kule nyuma ya mashine za kukoboa. Huyu aliuza pikipiki ya pili, akaja na salio lote kabla ya wakati. Mtu mwingine angemchinjia kuku. Katekista alikasirika, na mimi nikaitwa kutoka kwenye cherehani.

"Mkataba unasema nitashukuriwa kila mwezi mpaka mwisho," alisema. "Huyu anataka kunimaliza kwa siku moja. Shukrani ya miezi iliyobaki amekula nani?"

Dereva alinitazama mimi, akatazama fedha zake. "Mama, mimi nimekosea kulipa?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe dereva alirudishiwa sehemu ya fedha zake, akaenda nazo nyumbani, akawa anazileta kidogo kidogo kila mwezi kama mkataba ulivyosema, pamoja na kitunguu au nyanya juu yake. Alizificha chini ya godoro lake mwenyewe ili adaiwe kwa utaratibu. Mke wake alikuja kwangu kushona gauni akaniuliza kama kuna sheria ya namna hiyo. Nilimwambia sheria sijui, ila saini iliyopo pale ni yangu.

Mtu akisikia hayo atasema alikuwa mzee mchoyo, na hapo ndipo katekista anapoanza kutoeleweka. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mume wake alifariki wakiwa katikati ya kulipa. Katekista alivuka njia, akaniomba niandike kwamba kiwanja kimelipwa chote, akatia sahihi, nikatia sahihi, tukaenda naye msibani. Yule mama alipoelewa kilichoandikwa alipiga magoti. Katekista aligeuka akawa mkali mbele ya waombolezaji. "Usinishukuru," alimwambia. "Utaniharibia hesabu." Akaondoka bila kula.

Baada ya viwanja kuisha, alibaki na nyumba yake mwenyewe, ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na uani chumba kimoja cha nje. Aliamua kuiuza ili, kama alivyosema, arudi Iringa akafie kwao. Mnunuzi alikuwa Masanja, Msukuma ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe bonde la Usangu zamani, yeye akaongeza na mpunga kule Madibira. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, na mkewe, Mama Kulwa, alikuwa na maneno machache zaidi ila yalikuwa mazito.

Mkataba aliuandika katekista kwa mkono wake. Masanja angelipa kila baada ya mavuno. Familia yake ingehamia nyumba kubwa mara moja, na muuzaji angekaa kwenye chumba cha uani mpaka malipo ya mwisho, siku ambayo angetoka na godoro lake. Na tena: mnunuzi atatoa shukrani kila msimu kwa kadiri ya baraka alizojaliwa.

"Kadiri gani, mzee?" Masanja aliuliza.

"Utaisikia moyoni."

Msimu wa kwanza Masanja alilipa awamu yake akaongeza jogoo. Katekista alimpokea yule jogoo, akamzunguka, akasema hii ni sauti ya moyo mdogo. Masanja akasema moyo wake ndivyo ulivyosema. Wakanuniana wiki nzima katika ua mmoja, wanapishana mlango wa choo bila salamu, na jogoo akiwaamsha wote wawili.

Msimu wa pili maji yalikosekana na mpunga ukakauka ungali mchanga. Masanja hakuwa na fedha. Alileta ng'ombe jike, akamfunga uani kama rehani mpaka mavuno mengine. Nikaitwa, nikashuhudia ng'ombe. Kilichokuwa hakijulikani kwa yeyote isipokuwa ng'ombe mwenyewe ni kwamba alikuwa na mimba.

Alizaa asubuhi, watoto wa Masanja wakipiga kelele. Nilipofika, katekista alikuwa ameshasimama upande mmoja wa ndama na Masanja upande wa pili.

"Shukrani imekuja yenyewe," alisema katekista.

"Hapana, mzee. Ng'ombe wangu amezaa."

"Amezaa kwangu. Mtoto akizaliwa nyumbani kwa mtu ni baraka ya nyumba ile."

"Kwako ni kwangu. Nyumba nimenunua."

"Hujamaliza. Mpaka umalize, ua ni wangu."

"Kama ua ni wako, mbona nimeufagia mimi tangu nimekuja?"

Katekista alinigeukia. "Fundi, wewe ni shahidi. Uliposhuhudia ng'ombe, ulishuhudia wangapi?"

Nilisema nilishuhudia mmoja. Masanja akasema basi, mmoja ndiye rehani, wa pili hayumo. Katekista akasema hapana, kama wa pili hayumo kwenye rehani basi yumo kwenye shukrani, kwa sababu hawezi kukosa pa kuwa. Mama Kulwa alikuwa tayari anakamua. Akampa katekista kikombe cha maziwa, akampa mumewe, akanipa na mimi, na shauri likasimama mpaka vikombe vikaisha, kwa kuwa yalikuwa mazuri.

Shauri lilikwenda baraza la kata. Siku hizi baraza lile kazi yake ni kusuluhisha, haliamui, na katekista alilipendelea kwa sababu hiyo hiyo. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye utotoni alisoma katekisimu kwa huyu huyu katekista huko Iringa. Alisoma mkataba mara mbili.

"Baba, hii shukrani ni kiasi gani?"

"Haina kiasi."

"Basi unadai nini?"

"Sidai. Nangojea, na ndama ndiye amekuja."

Mwenyekiti akavua miwani. "Ulitufundisha kwamba shukrani inayoombwa imeshageuka kuwa kitu kingine. Ulinichapa kiboko kwa kutokukumbuka kile kitu kingine kinaitwaje."

Wazee wa baraza walimwangalia katekista. Yeye akafungua kifungo cha juu cha sweta, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Sikukufundisha yote."

Walisuluhishwa hivi: ndama alelewe na Masanja, akikua auzwe, nusu iingie kwenye bei ya nyumba na nusu iwe shukrani ya misimu yote, iliyopita na ijayo. Wote wakakubali, wakaondoka wakiongozana, na njiani wakaanza kubishana nani atakata majani. Katekista ndiye aliyekata. Nilimwona kila asubuhi akitoka na mundu, sweta yake imejaa vishona nguo, zile mbegu zinazong'ang'ania, na ndama akimfuata bila kamba. Watoto wa Masanja walikuwa wamempa jina, Shukrani, na jioni katekista alisimama mlangoni akiliita jina lile kwa sauti mpaka ndama aje, na wapita njia wasiojua walidhani mzee anasali.

Kisha ikaja misimu mizuri. Madibira ilitoa mpunga kama haijawahi, bei nayo ikasimama juu. Masanja alirudi na fedha za kumaliza nyumba, akazifunga kwenye kitambaa, akaoga, akavaa shati la kanisani, akagonga chumba cha uani.

Katekista alisema leo anaumwa kichwa. Kesho yake alisema ni Jumapili. Jumatatu alisema Kwaresima inakaribia, na yeye wakati wa Kwaresima hufunga mambo mengi, mojawapo ni kupokea. Masanja alingoja Pasaka. Pasaka ilipofika katekista alipanda basi la Iringa bila kuaga, akarudi usiku wa tatu akanyata kuingia chumbani kwake kama mwizi. Masanja akawa anaamka alfajiri kumvizia. Katekista akaanza kupitia dirishani. Mtaa mzima ulikuwa unatazama mdaiwa akimkimbiza mdai wake, na mara moja walipita mbele ya baraza langu, mmoja na kitambaa mkononi na mwingine amebana sweta, wote wakitembea haraka kwa heshima, bila kukimbia, kwa sababu ni watu wazima.

Masanja alikuwa na sababu ya kweli ya kuumia. Bila sahihi ya mwisho nyumba haikuwa yake. Alikuwa ameweka jasho lake lote pale, mzee alikuwa amezeeka, na kama angefariki kabla ya kusaini, wapwa wa Iringa wangekuja na maneno mapya. Alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye kiti changu cha wateja, ameinamisha kichwa. "Fundi, mimi nimehama na ng'ombe maisha yangu yote," alisema. "Nilitaka watoto wangu waseme kwetu ni hapa. Sasa mzee ananikimbia na kwetu yangu."

Akaenda tena baraza la kata. Mwenyekiti aliuliza malalamiko ni nini.

"Mzee anakataa kulipwa."

Karani aliacha kuandika. Mwenyekiti akamgeukia katekista, naye alikuwa amejiandaa. Alisema mkataba unamtaka mnunuzi alipe, na hakuna mahali unapomtaka muuzaji apokee. Wazee waliusoma, wakaona ni kweli. Mmoja akapendekeza fedha ziachwe mlangoni kwake. Katekista akasema ataziruka.

Mama Kulwa alikuwa ameketi nyuma na mtoto mgongoni. Hakusimama. "Mwulizeni akishapokea analala wapi," alisema.

Sote tulijua kile kifungu cha godoro. Aliyekiandika alikuwa yeye mwenyewe, wakati alipodhani Masanja hatamaliza upesi.

"Iringa, Baba," mwenyekiti alisema taratibu. "Si ulisema unarudi kwenu?"

Katekista aliangalia mikono yake. "Nimekwenda kuangalia," alisema. "Hii Pasaka. Walionijua wako makaburini. Wapwa walinipa kiti, wakaniuliza nitaondoka lini." Kisha akaongeza, kama hiyo ndiyo hoja ya kisheria, "Halafu kule ni baridi."

Masanja alisimama mara hiyo hiyo. "Basi abaki. Chumba kile abaki nacho bure, mpaka Mungu amwite."

Hapo katekista aliona ametukanwa kabisa. Alisimama naye. Alisema hajawahi kukaa bure kwa mtu, hawezi kuanza uzeeni, na kama Masanja anadhani yeye ni ombaomba basi arudishe maneno yake. Mwenyekiti alijaribu neno kodi. Katekista akasema mpangaji anaweza kufukuzwa. Ilibidi Mama Kulwa aseme tena, safari hii akimnyonyesha mtoto: "Mwuzieni."

Ndivyo ilivyokuwa. Pale pale, mbele ya baraza, katekista alipokea malipo ya mwisho ya nyumba yake, akasaini, akaacha kuwa na nyumba. Kisha karatasi ya pili ikatolewa, na Masanja akamwuzia chumba cha uani, kwa awamu. Nikasogea kuwa shahidi. Walipofika kwenye kile kinachoongezwa juu ya bei, Masanja alisema kwa upole, "Na mnunuzi atatoa shukrani kila msimu, kwa kadiri ya baraka."

Katekista alishtuka. "Hapana. Andika riba."

Karani alidhani hakusikia vizuri.

"Riba," alisema katekista, macho wazi kabisa. "Asilimia fulani, ijulikane. Riba ina mwisho. Shukrani mtu anaweza kuidai mpaka kaburini."

"Mzee, riba ni dhambi," alisema Masanja. "Mimi nimejifunza kwako."

Mwenyekiti alitoka nje kidogo. Tulimsikia anakohoa, lakini kilikuwa kicheko. Mkataba ulisainiwa na neno shukrani ndani yake, na katekista alitia sahihi akilalamika kwamba watu wa kanda ya ziwa ni wafanyabiashara wagumu.

Mimi nilihamia Iringa baadaye, kwa mwanangu, cherehani na yote. Habari za Chimala nilizipata kwa vipande. Nilisikia katekista anapeleka vitunguu kwa Masanja na Masanja anaviangalia kwa huzuni. Nilisikia wamepelekana tena barazani kuhusu kivuli cha paa.

Kisha, mwaka huu, nilikwenda hospitali ya Tosamaganga kumwona shemeji yangu aliyekuwa amelazwa, na kwenye wodi ya wanaume nikamwona Masanja. Ameketi kwenye benchi fupi, magoti juu, chupa ya uji pembeni. Kitandani alikuwa katekista, mguu umefungwa plasta, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule. Aliteleza akikata majani ya Shukrani, ambaye mpaka leo hajauzwa. Hospitali ilikuwepo karibu na nyumbani, lakini alisema mifupa yake inajulikana Tosamaganga tu, na Masanja akakodi gari akamleta safari yote ile.

"Kamwene, fundi," katekista alinisalimia. Sauti ilikuwa nyembamba. Akaanza kunieleza jinsi Masanja anavyomnyonya.

Nesi alikuja na fomu yake. Alimuuliza Masanja, "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Namdai."

"Sijauliza hilo, kaka. Nauliza undugu."

"Ndiyo nakwambia, dada. Namdai chumba. Analipa kidogo kidogo."

Nesi alinitazama. Nilimwambia ni kweli, mimi ni shahidi. Akamtazama mgonjwa, labda akitumaini huyo ana akili. Kalamu ilikuwa bado hewani.

"Baba, huyu ni mwanao?"

Katekista alifumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala.

"Ananidai kweli," alisema. "Na bado sana."

Kisha akauburuta ule mguu wa plasta pembeni, kwa shida, ili Masanja apate pa kukaa kitandani.